MR2 ya Chumbageni: kwanza niambie habari za maji yake

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alinitumia picha nne bila hata salamu, na kwa kijana aliyelelewa Tanga hilo peke yake linakwambia moyo wake umeshafika wapi. Ya kwanza ni gari jekundu la viti viwili, limelala chini kama paka anayevizia. Ya pili taa za mbele zimeinuka. Ya tatu taa zimelala. (Nilicheka. Mimi nilipopata la kwangu nilishinda uani nikiziinua na kuzilaza mpaka mke wangu akaniuliza kama betri naokota.) Ya nne dashibodi, kilomita 94,000. Chini yake kaandika: "MR2 ya 1994, milioni 16, mwenyewe yuko Chumbageni, bei inazungumzika. Mjomba, nichukue?"

Nikampigia. Shikamoo ikaja, marahaba ikaenda, nikamwambia asitoe hata hela ya soda mpaka Jumatatu asubuhi, na asubuhi yenyewe iwe saa kumi na mbili na nusu. Sababu ya saa hiyo ninaieleza huko mbele.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua gari la aina hiyohiyo kwa dalali wa Ngamiani. Nilikaa nalo miezi 11, na kati ya hiyo, minne lilikuwa juu ya mawe. Dalali simlaumu sana. Ubovu wote ulikuwepo siku ile ya kwanza, ila mimi nilikuwa naangalia rangi.

Kwa asiyelijua gari lenyewe: Toyota walitoa MR2 ya kwanza 1984. Hii anayoililia mpwa wangu ni ya pili, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1999, na namba yake ya chasisi huanza na SW20. Iliyofuata baada yake ni ya kufunua paa, hiyo tuiache. Ufaransa ilibidi iitwe MR tu, maana ukitamka herufi na ile mbili kwa Kifaransa linatoka neno la chooni. Hapa Tanga watoto wanaita Ferrari, na wapo watu duniani waliolivisha kweli bodi ya faiba lifanane na Ferrari. Ukiletewa la namna hiyo, shukuru, aga, ondoka.

Injini yake iko nyuma ya viti, mbele kidogo ya tairi za nyuma. Ukifungua boneti la mbele unakuta tairi la akiba. Tangi la petroli limelazwa katikati, baina yako na abiria wako. Kwa nini wahangaike hivyo? Sisi watu wa baiskeli tunalielewa hili haraka. Funga gunia la mkaa kwenye keria ya nyuma, usukani unakuwa mwepesi hadi unatisha. Liweke gunia lilelile katikati ya fremu, baiskeli inakata kona kama haina mzigo. Uzito ukikaa karibu na kitovu cha gari, gari hugeuka upesi. Raha yake ni hiyo, na niliipata. Kuendesha MR2 alfajiri kwenda Raskazone barabara ikiwa tupu, sijaona gari jingine la bei ile linalofanana nalo.

Dalali atakwambia, "Bosi, hii ni injini ya RAV4 tu." Amesema nusu. Injini ni 3S-GE ya cc 1,998, ndugu wa 3S-FE iliyomo kwenye RAV4 za mwanzo, Carina na Caldina, kwa hiyo fundi yeyote mzoefu hapa mjini ameshaifungua familia hiyo. Lakini ndugu si pacha: silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ni tofauti, na kuifikia injini iliyobanwa nyuma ya viti ni kazi ya kujikunja. Mkanda wa taimingi Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na fundi wangu alitumia siku mbili kwa kazi ambayo kwenye RAV4 anaimaliza kabla ya adhuhuri. Vitu vya bodi ndio usiseme. Taa ya nyuma ya kulia niliisubiri wiki saba.

Haya yote yanavumilika. Maji hayavumiliki.

Rejeta liko mbele kabisa, injini iko nyuma. Kwa hiyo maji yanasafiri chini ya sakafu ya gari kwa mabomba mawili marefu ya chuma, moja la kwenda na moja la kurudi, na mfumo mzima unabeba zaidi ya lita 10. Sasa lichukue gari hilo, ambalo tayari liko chini, ulilete kwenye matuta yetu, uliegeshe karibu na bahari miaka kumi ule upepo wa chumvi, kisha umpe kijana wa kuziba pancha aweke jeki popote anapoona chuma. Jeki inabonyeza bomba, chumvi inalila kwa nje, na maji ya bombani yanalila kwa ndani. Sisi tuna tabia ya kumimina maji ya bombani. Kulanti, yale maji ya rangi yenye dawa, tunaiona anasa ya watu wa nchi za barafu, wakati nusu ya kazi yake ni kuzuia kutu.

La kwangu lilikuwa likiacha doa la maji chini, katikati ya gari. Si mbele chini ya rejeta ambako mtu angeshtuka, bali katikati. Nikajiambia ni maji ya eisii. Na kwa sababu ndani yalikuwa maji matupu, hata nilipogusa kwa kidole sikuona rangi wala utelezi. Ingekuwa kulanti, kitambaa kimoja cheupe kingeniambia kila kitu.

Siku moja natoka Muheza na kiroba cha machungwa kwenye buti. (Buti liko nyuma ya injini, machungwa yanafika yana uvuguvugu kama yametoka jikoni.) Kabla ya Pongwe mshale wa joto ukapanda, nikazima eisii. Mara mshale ukashuka wenyewe hadi chini kabisa. Nikamshukuru Mungu, nikakanyaga mafuta. Kumbe kile kipimo kinapima joto la maji, na maji yalikuwa yamekwisha. Kilikuwa kinaning'inia kwenye hewa. Nilipofika Kange injini ilikuwa inagonga. Gasketi ya silinda hedi iliungua, hedi ilipinda, na miezi yangu minne ya mawe ilianzia hapo. Gari lolote, mshale ukipanda kisha ukashuka ghafla, zima na uegeshe. Usisubiri kona inayofuata.

Tulipofungua tukakuta na jambo jingine: themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, haipo. Mtu aliyenitangulia aliitoa. Mafundi wetu wengi wanasema joto hili la pwani themostati ya nini. Bila hiyo injini haichelewi kula petroli maana haifiki joto lake, ila kwa muuzaji ina faida: gari linalochemsha linachelewa kuonyesha kuwa linachemsha. Kizunguko cha dakika kumi cha kulijaribu kinapita salama.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu twende alfajiri, na tusimwambie mwenye gari saa kamili. Gari likaguliwe likiwa baridi. Weka kiganja juu ya mfuniko wa injini, kule nyuma. Ukiwa vuguvugu, limeshawashwa. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha maji uangalie rangi. Kijani au nyekundu safi ni habari njema, ya chai ya rangi ni kutu. Fungua pa kumiminia oili. Ukiona utando kama maziwa mgando, maji yamechanganyika na oili, rudi nyumbani ukanywe chai. Kisha liwashwe, liachwe lingurume lenyewe mpaka feni ya mbele iingie, na hita ifunguliwe kwenye joto kabisa. Najua, hita Tanga ni kichekesho, lakini mshale ukiwa juu na hita inapuliza baridi, ndani kuna hewa iliyonaswa. Mfumo mrefu hivi hautoi hewa wenyewe, una vali zake ndogo za kutolea upande wa mbele, na fundi asiyezijua atajaza maji kila wiki akilaani rejeta.

Baada ya hapo liendeshwe mpaka Pongwe na kurudi, si kuzunguka Mkwakwani mara moja. Likirudi, lala chini uangalie kama linavuja.

Tairi nazo. Kwa matoleo ya 1992 kuendelea saizi ni 195/55 R15 mbele na 225/50 R15 nyuma. Nyuma ni pana kwa makusudi. Wauzaji hupenda kufunga nne zinazolingana kwa sababu ndizo zipo dukani, na mimi nililiendesha hivyo. Masika, njia ya Horohoro, kona baada ya Amboni, niliingia kwa kasi kuliko akili yangu, nikaogopa, nikaachia mafuta ghafla. Hilo ndilo kosa lenyewe: uzito unaruka mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, na ile injini nzito inazungusha mkia. Nilijikuta nimesimama naangalia nilikotoka, mkonge pembeni, hakuna hata mkwaruzo, miguu inacheza. Toyota wenyewe walirekebisha springi na shokapu na kuongeza rimu kutoka inchi 14 hadi 15 kwa sababu ya tabia hiyo. La kabla ya 1992 mimi nisingempa kijana.

Neno "Turbo" nyuma ya gari lisikupandishe bei. Herufi zinabandikwa. Kibati cha Toyota kwenye gari kinaandika aina ya injini: 3S-GTE ni ya turbo, 3S-GE si ya turbo. Kwa gari la Japani la 1994 tofauti ni nguvu za farasi 245 dhidi ya 180. Kwa petroli na mafundi wetu mimi ningechukua isiyo na turbo, tena ya gia za mkono.

Kama paa ni lile la vioo viwili vya kutoa, inua zulia uliguse chini. Mipira ya vioo ikichoka, mvua za vuli zinaingia, na harufu yake haiondoki kwa udi.

Makaratasi kwa ufupi. Namba ya chasisi ilingane na kadi, jina kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako au awe na maandishi yanayomruhusu kuuza, na TRA wathibitishe kabla hela haijatoka. Faini za trafiki zinaangaliwa kwa namba ya gari. Herufi mpya kwenye namba zinaonyesha lini lilisajiliwa Tanzania, hazikwambii lilitengenezwa lini. Lenye namba za Zanzibar lina hesabu yake ya ushuru kabla halijapata namba za Bara, na hiyo hesabu aifanye muuzaji. Mkataba mbele ya wakili.

Basi Jumatatu tulifika Chumbageni. Mwenye gari, mzee wa makamo, alitoka na msuli na tasbihi mkononi, akatukaribisha vizuri. Nikaweka kiganja nyuma. Vuguvugu.

"Nimelipasha kidogo tu, lisiwasumbue," akasema.

Sikumbishia. Tulikunywa chai na vitumbua barazani kwake, tukazungumza habari za treni ya zamani na bei ya nazi, tukaomba turudi kesho yake. Jumanne lilikuwa baridi. Maji yalikuwa ya chai ya rangi. Oili safi. Feni iliingia, hita ikapuliza moto. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikamwomba mzee turuhusiwe kulipeleka gereji moja yenye shimo, Mikanjuni, akakubali bila kusita, akapanda pikipiki akatufuata.

Fundi akashuka shimoni na tochi. Akakaa kimya muda mrefu kidogo, kisha akatuita wote watatu. Bomba moja, karibu na usawa wa kiti cha dereva, lilikuwa limezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kukazwa kwa waya, kazi safi kabisa, ya mtu anayejua baiskeli. Mzee akainama akaangalia, akavua kofia. "Wallahi sikulijua hilo," akasema, na mimi nilimwamini.

Mpwa wangu alitoa milioni 11. Mzee akasema atafikiri. Tangu jana kijana amenipigia mara tatu, si kwa habari ya bei. Anauliza ni nani hapa Tanga anapinda mabomba ya stenlesi.