Mwandika maandiko anataka laki tatu kwanza

SWALI
Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 23, wengi wetu wajane, huku Kibakwe, Mpwapwa. Mjane akiporwa shamba la marehemu mumewe tunamsindikiza Baraza la Ardhi la Kijiji, tunamwandikia maelezo, tunamtafutia mashahidi wa mipaka. Nauli tunatoa mifukoni mwetu. Sasa kijana mmoja wa mjini katuambia ipo taasisi ya familia huko Marekani inayotoa ruzuku kwa wanaotetea ardhi ya wanawake. Anataka laki tatu aandike andiko, na asilimia 10 fedha zikiingia. Anasema tuombe dola 80,000 tusije tukaonekana wadogo. Tumlipe?
Katibu, Kibakwe

JIBU
Marahaba mwanangu. Msimlipe.

Laki tatu ni nauli za wajane wangapi? Na hiyo asilimia 10 ndiyo mbaya zaidi. Fedha ya ruzuku huja na bajeti, kila shilingi ina mstari wake, na mfadhili hatawawekea mstari wa “aliyetuandikia”. Mtaificha wapi, kama si kwenye risiti za kughushi? Nimekuwa mhasibu wa shirika dogo hapa Dodoma miaka 14, najua mlango huo unatokea wapi.

Taasisi ya familia si ubalozi. Ni mali ya mtu iliyotengwa, na mara nyingi watoto na wajukuu ndio wanaokaa mezani kuamua. Sheria ya Marekani inaitaka itoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zake, kwa hiyo fedha lazima itoke; ila impate nani, hilo ni lao. Sisi wa kanda hii tumekula matunda yake bila kujua. Utafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa macho, kule Kongwa, ule wa watoto na kunawa uso, ulipata fedha za Edna McConnell Clark Foundation, taasisi ya familia iliyotajirika kwa vipodozi vya Avon.

Kabla hamjaandika neno, tafuteni mwenye simu nzuri awatafutie fomu 990-PF ya taasisi hiyo. Ni taarifa ambayo taasisi binafsi za Marekani huijaza kila mwaka kwa mamlaka yao ya kodi, na iko wazi kwa yeyote. Ndani yake mna majina ya wajumbe wa bodi, waliopewa fedha na kiasi gani. Humo kuna kiboksi: kikiwa na alama, maana yake wanatoa kwa waliowachagua wenyewe tu na hawapokei maombi ya asiyeitwa. Kijana wenu amekiona? Mkikuta alama, msipoteze usiku wenu. Tafuteni shirika la Tanzania lililomo kwenye orodha, mlifuate, liwatambulishe. Kisha angalieni viwango. Kama vikundi vya kadiri yenu vimepewa dola 8,000 au 10,000, hiyo 80,000 itawaonyesha kuwa hamjui mnachofanya.

Nikwambie la kwangu. Andiko letu la kwanza kwa taasisi ya namna hiyo tulilijaza “uwezeshaji jumuishi” na “ustahimilivu wa jamii”, kurasa 30. Jibu lilikuwa mistari miwili. Mwaka uliofuata nikaandika kurasa mbili tu, nikaanza na mama mmoja wa Chamwino aliyeamka akakuta shemeji kapanda alizeti kwenye shamba lake. Binti wa mwenye taasisi akapiga simu mwenyewe. Hakuuliza habari za viashiria. Aliuliza: yule mama alirudishiwa? Nikamwambia, nusu. Akaniuliza nusu nyingine iko kwa nani. Tuliongea saa nzima, na ruzuku tulipata, ndogo, lakini ya miaka mitatu.

Taasisi zenye mwelekeo wa haki za jamii hupenda mpewa aamue mwenyewe matumizi. Basi waulizeni bila haya kama wanatoa fedha za uendeshaji: kodi ya chumba, vocha, posho yako wewe katibu. Na picha za wajane wanaolia msipeleke.

Kikwazo chenu kiko hapa nyumbani. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri kwa ajili ya ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri si NGO. Sheria Na. 24 ya 2002 inaruhusu kusajili NGO hata ngazi ya wilaya, kwa hiyo anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii pale Mpwapwa. Wakati mkisubiri, mnaweza kuingia chini ya mwavuli wa shirika lililokwisha kusajiliwa, lipokee fedha kwa niaba yenu, lakini kwa mkataba wa maandishi. Undugu wa kanisani hautoshi. Mkipata, Wamarekani wanabanwa na sheria yao kufuatilia fedha iliyokwenda nje ya nchi yao, hivyo watadai taarifa za matumizi, na mtunze kila risiti. Mkataba ukizidi shilingi milioni 20, kanuni zetu zinataka ufike kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10. Ofisi ziko Mtumba, hapa hapa Dodoma, hamna haja ya kwenda Dar.

Barua iandike wewe, kwa Kiswahili kwanza, kisha mwalimu wa sekondari awatafsirie. Aya ya kwanza, mjane mmoja, kwa ruhusa yake. Ya pili, baraza lenu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Kwenu wako wangapi? Kama ni mmoja, andika mmoja. Kisha hesabu: mwaka jana mlisindikiza kesi ngapi, zilizoshinda, zilizoshindwa, na nauli yote ilikuwa shilingi ngapi. Zilizoshindwa usiziruke, hizo ndizo watakazokupigia simu kuuliza.