Vichwa vya migebuka kwenye pipa la mboji
Mnauliza kama vichwa vya migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) na mabaki ya dagaa vitiwe kwenye pipa la mboji la bustani ya umma. Hapana, msitie. Si kwamba havifai, samaki ana naitrojeni nyingi na mboga huipenda. Shida ni pipa lisilo na mwenyewe: hakuna wa kufunika kwa majani makavu, basi kabla ya jioni nzi, mbwa na paka wameshajua, na harufu inawafukuza waliokaa kwenye mabenchi. Maganda ya ndizi na maembe tia tu, ila toa mfuko wa plastiki kwanza (mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania 2019, bado naiona). Samaki fukia nyumbani, futi moja na nusu hivi, mbali na kisima. Huku Ujiji mimi hufukia chini ya mpapai.