Waliosomea ushauri gerezani, kweli hawarudi?

SWALI: Assalaam aleikum. Jumuiya yetu inataka kuwasomesha vijana waliotoka Chuo cha Mafunzo (ndo gereza letu la Zanzibar) wawe washauri rika wa wenzao wanaotoka, khasa wale wa unga na wa wizi wa karafuu. Mwenzetu anasema Uingereza wamefanya na waliosoma hawarudi tena ndani, basi tuanze tu. Mie nauliza, tutajuaje kama ni kozi ndo iliyowageuza? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usiliachie swali hilo. Uingereza kweli ipo taasisi ya St Giles Trust, inawasomesha wafungwa cheti cha kutoa ushauri halafu wao wanawasaidia wenzao mambo ya nyumba, madeni, kazi. Sasa tazama nani anapewa nafasi: aliyetulia, anaejua kusoma, maafisa wanamuamini, na mwenyewe keshasema basi nimechoka na maisha haya. Huyo pengine hata bila kozi asingerudi, sasa ukimpima na kila anaetoka tofauti lazima itakuwa kubwa na sifa zote utaipa kozi.

Ndo maana mwaka 2013 serikali yao ikaanzisha Justice Data Lab, kitengo cha kupima kazi kama hizi: taasisi inapeleka majina ya watu wake, kitengo kinawatafutia watu wa kufanana nao kwa umri, makosa na hukumu za nyuma, kisha wanaangalia mwaka 1 nani kafanya kosa jengine, na wanangoja miezi 6 zaidi kesi zimalizike. Ni kipimo kizuri ila nia ya mtu haiandikwi kwenye faili.

Pengine mwenzenu kasikia habari za gereza la Peterborough, huko huko Uingereza. Pale tangu 2010, St Giles wakiwemo, walisaidiwa wanaume waliofungwa chini ya miezi 12, na wakahesabiwa wote waliotoka hata aliyeukataa msaada, hapo ndo nawapa heshima. Majibu ya mwisho 2017: hukumu mpya zilipungua 9% kulinganisha na wenzao wa magereza mengine. Lakini hao ni waliosaidiwa, sio waliosomea ushauri, msichanganye.

Kwenu nyie fanyeni hivi: waombaji wakizidi nafasi pigeni kura ya bahati nasibu, waliokosa ndo watu wenu wa kulinganisha. Hesabuni kila alieanza, na yule alieacha wiki ya pili muhesabuni pia, maana ukihesabu waliomaliza tu umeshachagua wazuri. Kijana akivuka kwenda Unguja au Tanga akakamatwa huko, daftari la Chake litaonesha katulia, kwa hiyo ulizeni na huko, kwa ruhusa ya wenyewe na ya Chuo cha Mafunzo. Na mkisomesha watu kumi msitangaze asilimia, mmoja tu akirudi hesabu yote inageuka.

Kozi anzeni, mie naiunga mkono kwa moyo wote, mana kijana alietoka ndani anamsikiliza aliepita njia ile ile kuliko afisa. Ila orodha ya majina iandikwe kabla ya darasa la kwanza, na akae nayo mtu asiyekuwa mwalimu wa kozi.