Sina sauti ya kwaya wala fedha: nimtumikie Mungu vipi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa Pasua, Moshi, nauza ndizi soko la Mbuyuni. Usharikani wenzangu wanaimba kwaya, wengine ni wazee wa kanisa. Mimi sina kipawa kinachoonekana, na ninachopata kinaishia kwenye chakula. Jirani yetu, bibi, amepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Binti yake anamuuguza peke yake. Jumapili tunakwenda kumwombea, kisha tunaondoka. Je, utumishi wangu ni upi?

JIBU: Amina, mama. Utumishi wako umeshautaja: ni huyo bibi, na zaidi binti yake. Dorkasi wa Yafa (Matendo 9) hatusomi kwamba alihubiri. Wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea.

Anza na binti. Usimwambie "mkipungukiwa semeni", maana aliyechoka huona haya kuomba. Mwambie, "Mwanangu, kila Alhamisi saa kumi hadi saa kumi na mbili nitakaa na bibi. Wewe toka, au lala." Siku moja usiyoikosa inamfaa kuliko ahadi ya kila siku inayokufa wiki ya pili. Mara ya kwanza kaeni wote, akuonyeshe kazi.

Ndizi zako zinatosha kwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, lakini uliza kwanza wauguzi walisema nini kuhusu kumeza kwake. Wakiruhusu, toa mifupa yote, ponda hadi ulainike, uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Mchuzi mwepesi hukimbilia njia ya hewa. Chumvi iwe kidogo. Mkalishe wima, mpe mtori nusu ya kijiko kidogo upande wa kushoto wa mdomo, subiri ameze, kisha angalia shavu la kulia, chakula hujificha hapo bila yeye kuhisi. Abaki ameketi nusu saa. Akikohoa, au sauti ikiwa kama ina maji, acha, na binti aulize hospitali kabla ya kumlisha tena.

Anapolala ageuzwe kila baada ya saa mbili. Mvuteni kwa shuka, kamwe si kwa mkono uliopooza, kwani bega lake huteguka kwa urahisi. Tazama visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Pakiwa pekundu na wekundu hauondoki ukibonyeza, mwondolee uzito hapo wala usipasugue. Kusugua huumiza nyama ya ndani.

Kupooza upande wa kulia mara nyingi huenda pamoja na kupoteza usemi, na hapa wageni wengi hukosea: humzungumzia bibi kana kwamba hayupo. Asiyeweza kusema anaweza kuelewa. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, akubane kwa mkono wa kushoto, likiwemo hili: "Bibi, tuombe sasa?" Sala iwe fupi.

Kuhusu Jumapili, kundi zima likiingia pamoja binti hulazimika kupika chai ya wageni. Zungumza na mzee wa kanisa, jumuiya igawane siku, waende wawili wawili, na chai waibebe kwenye chupa.