Insha ya Kuombea Theolojia Si Ushuhuda wa Ibadani

Mara ya kwanza nilipoomba kusoma shahada ya uzamili ya theolojia, nilikataliwa. Baadaye nilimpelekea mhadhiri wangu wa zamani ile insha ya kujieleza. Akaisoma, akaniuliza, "Unataka kujifunza nini ambacho huna?" Sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimesimulia siku niliyookoka, vijana niliowalea, mikesha. Yote kweli tupu, wala siyaonei haya, lakini hayo ni ya madhabahuni. Kamati ya udahili inatafuta mwanafunzi.

Safari ya pili nilianza na swali. Mama aliyefiwa na mtoto aliwahi kuniuliza kama Mungu amemkasirikia. Nilimjibu harakaharaka kwa mstari mmoja wa Biblia, na jibu lile limenikaa rohoni kama mwiba. Nikaandika habari zake, kisha nikaeleza kwamba nataka kukisoma kitabu cha Ayubu kwa Kiebrania na kujua kanisa limefundisha nini juu ya mateso. Nikataja na masomo ya chuo hicho yanayogusa jambo hilo. Nikapokelewa.

Swali lako ndilo litakalokuonyesha shahada ya kuomba. Ile iitwayo M.Div. (Master of Divinity) kwa kawaida huchukua miaka 3 na huandaa watu wa uchungaji, M.A. (Master of Arts) mara nyingi ni miaka 2, nayo huelekea zaidi kwenye utafiti. Th.M. (Master of Theology) kwa kawaida hudai uwe na M.Div. kwanza, kwa hiyo usiiombe kwa kuvutiwa na jina.

Barua za mapendekezo: mchungaji anayekujua ni bora kuliko askofu aliyekupa mkono mara moja. Mpe insha yako, umpe na mwezi mzima. Kwa upande wa taaluma, tafuta aliyewahi kusahihisha kazi zako.

Vyuo vingine vitakutaka utie sahihi ungamo la imani. Tafadhali lisome neno kwa neno. Mimi nilikwama kwenye kipengele cha ubatizo, nikakiandikia chuo na kueleza msimamo wangu waziwazi. Sahihi ya uongo ni mwanzo mbaya wa kumsoma Mungu.

Matokeo ya shahada ya kwanza mara nyingi hutakiwa yatumwe na chuo chako chenyewe moja kwa moja. Yaombe mapema, kabla hata hujaanza kuandika insha.