Mabaka upande mmoja tu, yametoka wapi?

Dada uliyeuliza imekuwaje mwanao ana mabaka ya kahawia upande mmoja wakati ukoo mzima hamna, sio lazima mmemrithisha nyie. Mimba inaanza na seli moja, inakuwa 2, 4, 8, na kila ikigawanyika DNA (yale maelekezo ya urithi ndani ya seli) inakopiwa, sasa likitokea kosa kwenye seli mojawapo basi uzao wa hiyo seli tu ndo unabeba, zingine ziko freshi. Kosa likiwahi sana linaweza kuenea karibu nusu ya mwili, likichelewa linabaki kasehemu tu. Ndo maana kipimo cha damu kinaweza kutoka safi wakati ngozi inalo! Kuja kulirithisha kwa wanae ni mpaka liwe limeingia kwenye mayai au mbegu. Mcheki daktari wa ngozi pale Muhimbili, achana na hao wanaokwambia karogwa.