Zinki imeshuka, presha imepanda

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 58, nauza vitumbua hapa Tanga. Baridi yabisi imenikamata vidole. Alfajiri hata upawa siushiki vizuri. Kipimo cha damu kimeonyesha madini ya zinki yako chini, ya shaba yako juu. Presha nayo 160/100. Ninunue vidonge vya zinki?

JIBU: Shikamoo, mama. Usinunue kwanza. Viungo vikivimba, ini hutoa kwa wingi protini inayobeba shaba, nayo zinki hutoka kwenye damu ikajificha kwenye ini. Namba hizo huenda zinaonyesha ukali wa ugonjwa tu, si kwamba unakula vibaya. Tena zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia shaba kufyonzwa, ukaishia kupungukiwa damu.

Kuhusu presha, mimi nashuku kitu ambacho hukukitaja: dawa za maumivu. Unameza diklofenaki? (Nakuelewa, jiko linakusubiri saa kumi alfajiri.) Dawa hizo huifanya figo ing'ang'anie chumvi na maji, presha ikapanda, na hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Mpelekee daktari wako pakiti zote, hata ile uliyonunua dukani bila cheti. Wiki hii hii, mama.